Rubani Ana Macho

Mwaka wa 1998 Sajenti Musila alimwacha mkewe Mbeke akipigana na vumbi la Kitengela, akateremka Bisil kwenda kuchaguliwa ndege ya kusaidia askari wa miguu. Wachaguaji walikuwa kamati ya Kanali Githongo, chini ya hema jeupe lenye harufu ya nyama choma. Wa kulala handakini chini ya hiyo ndege, siku adui akija, walikuwa Musila na vijana wake thelathini.

Ndege zilikuwa mbili: jeti, inayokupita kabla hujajua imekuja, na ndege ya panga, yenye mapanga ya kuzunguka puani, ya polepole, ambayo rubani wake angeweza kukuhesabia vifungo vya shati. Badala ya bomu zilibeba magunia ya unga. Adui alikuwa mapipa sita. Vijana wakatandaza vitambaa vyekundu, rubani ajue penye nyekundu ni kwetu.

Musila alikuwa ameonya kwamba hiyo ni siku ya soko la ng'ombe. Akajibiwa kwamba kitabu kinasema nyekundu, na rubani ana macho.

Ndege ya panga ikaja ikilalama kama kinu cha posho, ikazunguka, ikachungulia, ikayapaka mapipa unga. Kamati ilikuwa bado kwenye mbavu. Ndipo jeti ikatokea. Rubani akaona nyekundu kila upande: Wamaasai na shuka zao, wakiswaga ng'ombe kwenda sokoni. Kwake, lote hilo lilikuwa jeshi letu. Akatafuta mahali pasipo na nyekundu, akapata mahali pamoja tu: hema jeupe.

Wanakamati walitoka hemani weupe pe. Mzee Kakuta, aliyekuwa akipita na mbuzi wake, aliuliza kwa adabu kama hawa ndio wale wafadhili kutoka Ulaya.

Siku mbili baadaye, ofisini Kajiado, ripoti ya Kanali ilisifu jeti kwa shabaha: ilipiga hema katikati kabisa. Ilibaki sahihi ya askari wa miguu. Musila, aliyebakisha miaka miwili apate pensheni, akachukua kalamu.

"Nitaweka, afande. Naomba tu tuongeze mstari. Siku ya kujaribu tena hiyo jeti, kamati ikae na sisi kwa handaki."

"Hiyo ni unga tu, Musila."

"Unga umeisha, afande. Sasa ni bomu zenyewe."

Kanali aliivuta karatasi taratibu, akaisoma kana kwamba imeandikwa na mtu mwingine.

"Hebu nikumbushe," akasema, "ile ya polepole ilikuwa inaitwaje?"