Kaseti ya Njano ya Kalenga

Boksi la kaseti lilisafiri kiti cha nyuma, limefungwa mkanda kama mtoto, na Amos alilicheka kutoka Soweto ya Mbeya mpaka Makambako.

"Dada Tekla, wazazi wanakuja kuchukua sare Jumatatu. Utawaambia ulikwenda wapi?"

"Nitawaambia nilikwenda Iringa. Wewe endesha."

Tekla Kalinga ni fundi cherehani, na mafundi cherehani tunawajua. Akikwambia njoo kesho, usiende kesho. Lakini hata kwa wateja wake waliomzoea, kufunga duka wiki ya kufungua shule ilikuwa kituko. Angeulizwa na mtu mwingine angetunga msiba. Amos, mdogo wake, fundi wa magari ya mizigo, ndiye pekee aliyejua kwamba dada yake alikuwa anafuata kaseti moja ya gemu, ya enzi za televisheni za chogo, na kwamba bila kaseti ile boksi lingebaki na pengo mpaka azikwe nalo.

Gemu yenyewe ilitoka Tunduma, mpakani. Baba yao, mzee Eliezeri, alikuwa dereva wa lori, na siku moja alishuka nyumbani Kihesa, Iringa, na mfuko wa nailoni ambao hakutaka mtu aushike. Ndani mlikuwa na mashine ya kijivu, vishikio viwili vyenye vitufe vyekundu, na kaseti moja. Akachomeka waya nyuma ya televisheni, akahangaika na mawimbi hadi jasho likamtoka, kisha akampa Tekla kishikio. Tekla akabonyeza. Kijitu kilichokuwa kimesimama ndani ya kioo kikaruka.

Mtu aliyekulia na simu mkononi hawezi kujua kitu kile kilikuwa nini. Mpaka jioni ile, televisheni ilikuwa inasema na watu wanatazama. Ilikuwa haimsikilizi hata baba. Sasa kidole gumba cha mtoto wa Kihesa kinabonyeza huku, na kule mtu anaruka. Tekla alibonyeza tena. Kikaruka tena. Mama yao, Yusta, alitoka jikoni na mwiko mkononi kuja kuona kwa nini nyumba imekuwa kimya, akasahau kurudi, na uji ukaungua. Hakuna aliyelalamika. Walikula uji ulioungua huku wanatazamana kama watu waliookoka ajali.

Baada ya hapo kila safari ya Tunduma ilileta kaseti. Baba hakujua kusoma maandishi yaliyokuwa juu yake, wala muuzaji hakuyajua, kwa hiyo alichagua kwa rangi. Majina walitunga watoto wenyewe: Vifaru, Bata, Ndondi, Mama Nyuki. Na kwa kuwa Iringa ina baridi yake, hasa mwezi wa sita, kaseti zilikuwa zinagoma. Hapo Tekla na Amos walikuwa wanaziatamia. Unaweka kaseti kwapani, ndani ya sweta, unakaa kimya kama kuku hadi ipate joto, ndipo unaichomeka. Kama kweli ilisaidia sijui, ila nyumba ile hakuna aliyethubutu kuchomeka kaseti ya baridi.

Ile ya njano ndiyo iliyowashika roho. Ilikuwa na msafiri mdogo, mzigo mgongoni na taa mkononi, anapanda mlima. Anavuka mito, anakwepa mawe, theluji inamwangukia, na hakuna anakopigana na mtu. Anapanda tu. Tekla alikuwa wa kubonyeza. Amos, ambaye alikuwa na miaka saba na vidole vizito, alikuwa wa kusema "ruka." Walifika mpaka daraja la barafu karibu na kilele, wakaanguka, wakaapa kulivuka kesho yake. Kesho yake Amos aliamka na homa, na jioni hakumjua mama yake.

Malaria ilimpanda kichwani. Hospitali daktari aliongea na baba pembeni, na baba aliporudi alikaa chini. Mama akapiga magoti kando ya kitanda akamwahidi Mungu kitu ambacho nyumba yao ilikipenda kuliko vyote. Angeweza kusema ng'ombe, kama wangekuwa na ng'ombe. Wala hakusubiri mtoto apone ndipo atoe, kama wafanyavyo wengi. Aliona kumwekea Mungu masharti ni kukosa adabu. Jumapili iliyofuata ilikuwa sikukuu ya mavuno, naye akaingia kanisani na gemu juu ya ungo, imefunikwa kitambaa cheupe.

Kwa Walutheri wa Iringa mavuno yakishabarikiwa hupigwa mnada nje ya kanisa. Siku hiyo palikuwa na maboga, maharage, kuku waliofungwa miguu, na gemu. Mnadi alikuwa mzee Anord, bingwa wa kunadi jogoo, mtu anayeweza kukuuzia jogoo wako mwenyewe ukarudi nyumbani unashukuru. Lakini kitu kile hakukijua. Kwa macho yake mashine ilikuwa kuku na kaseti zilikuwa mayai, na mayai huuzwa peke yake. Akanadi mashine, ikachukuliwa na mwalimu wa kwaya. Kisha akaanza kunyanyua kaseti moja moja.

"Hii imetolewa kwa ajili ya mtoto Amos Kalinga. Yuko hospitali, hali yake si nzuri. Atakayeichukua amkumbuke kwa sala."

Watu walinunua bila kujua wananunua nini. Walimnunulia mtoto. Tekla alisimama kando ya maboga akaona Vifaru wanakwenda na fundi baiskeli, Mama Nyuki anakwenda na muuza maandazi, na mwisho ile ya njano inachukuliwa na mama mgeni, aliyefungua fundo la kanga yake polepole akatoa vyote vilivyokuwemo. Tekla hakulia. Alikuwa anahesabu kwamba kama Mungu anachukua vyote hivi, basi na amrudishe.

Akamrudisha. Katikati ya wiki Amos alifumbua macho akaomba uji, na alipomaliza uji akaomba gemu.

Mwalimu wa kwaya aliposikia mtoto kapona alirudisha mashine, maana watu wengi hununua mnadani ili wampe mtu. Ikarudi mashine, kaseti hakuna. Ukiiwasha unapata kioo cha buluu, basi. Hapo ndipo Tekla alipoanza kukusanya. Kilichonunuliwa mbele za Bwana hakidaiwi, mama alimwonya, kinaombwa, tena kwa jasho. Kwa hiyo alipukuchua mahindi ya watu, akateka maji, akabembeleza watoto wasio wake. Vifaru aliwakuta wameegemeza mguu wa meza. Bata walikuwa kwenye kiota, kuku wa mwenye nyumba amewalalia kwa imani yote. Ndondi ilikuwa kwenye kabati la vioo, kati ya vikombe vya wageni, juu ya kitambaa cha kufuma, na mwenye nayo alitoa machozi kuiachia. Kila moja iliporudi, Tekla aliiatamia na kuichomeka, na kila ilipowaka alishika mdomo, kama jioni ile ya kwanza.

Amos hakucheza tena. Mtaani walimtania, "Wewe ndiye uliyeuza gemu," naye alicheka pamoja nao, lakini kishikio hakukigusa. Alisema amekua. Tekla alijua si hivyo. Amos aliona amepona kwa mali ya dada yake, na aibu hiyo alikua nayo, akaoa nayo, akawa baba nayo. Tekla alikuwa na imani moja ambayo hakumwambia mtu: kwamba siku watakayovuka daraja la barafu wote wawili, hilo jambo litaisha. Alitafuta kaseti ile miaka ishirini na zaidi. Jackline, mtoto wa Amos, aliitafuta mpaka mtandaoni, lakini utatafutaje kitu usichokijua jina? Mpaka mwezi uliopita, kwenye harusi mjini Iringa, mzee Anord, sasa hana jino, alipomshika Tekla mkono akamwambia, "Yule mama wa ile ya njano, si ni Sabina wa Kalenga? Alikuja kumsalimia mwanawe tu, akanikuta nanadi."

Kalenga walifika mchana. Nyumba ilikuwa ya bati, jirani na njia ya makumbusho. Amos alizima gari lakini hakushuka.

"Nenda wewe. Mimi naangalia gari."

"Nani ataiba gari lako Kalenga?"

"Nenda, dada."

Binti mmoja, Frida, alimkaribisha Tekla sebuleni na kumwita bibi yake. Bibi Sabina alitoka akiegemea ukuta, mdogo wa umbo, sweta juu ya kanga.

"Kamwene, bibi. Shikamoo."

"Kamwene. Marahaba, mwanangu. Kaa."

Tekla alieleza. Alieleza vibaya, akaanzia Tunduma, akarukia mnadani, akarudi kwenye mlima. Bibi alisikiliza mpaka aliposikia neno njano. Akanyanyuka, akaingia ndani, akarudi na kitu kilichoviringishwa kwenye kipande cha kanga kuukuu. Akakifungua mapajani.

Ilikuwa yenyewe. Njano ile ile, isipokuwa kingo, ambazo zilikuwa zimepauka na kulainika. Tekla aliipokea kwa mikono miwili akaishikilia hivyo hivyo, kwa sababu kaseti ilikuwa na joto.

"Ina joto," alisema.

"Nimetoka kuishika sasa hivi. Naishika asubuhi, naishika jioni."

"Kuishika, bibi?"

"Si walisema tumkumbuke mtoto? Mimi sura yake sikuijua. Nikasema basi, nishike kitu chake." Bibi akainua macho. "Sasa wewe unatoka kwao. Niambie. Yule mtoto alipona?"

Tekla aliitazama kaseti mikononi mwake. Alikuja kuchukua plastiki. Hakujiandaa kukuta kwamba wakati yeye anapukuchua mahindi ya watu, wakati Amos anaanza darasa la kwanza kwa kuchelewa, anabalehe, anajifunza ufundi, anapata watoto, huku Kalenga kulikuwa na mtu anamwombea apone, kila asubuhi na kila jioni, kwa jina moja tu alilolisikia mnadani. Alihisi amesimama chini ya kitu kirefu sana ambacho kilikuwepo siku zote, na yeye hakuwahi kutazama juu.

"Bibi, hukuwahi kuuliza?"

"Niliogopa. Wangeniambia hapana ningefanyaje?"

Tekla alikwenda mlangoni. "Amos. Njoo."

Alikuja taratibu, akainama kupita mlangoni, akajaza sebule. Bibi Sabina alimtazama kuanzia viatu, akapanda naye juu, akatua kidogo kwenye kitambi, akaendelea.

"Ndiye huyu, bibi. Ndiye Amos."

"Huyu?"

"Huyu."

"Mimi nilikuwa naomba apate hamu ya kula," bibi akasema. "Naona alikula."

Amos alicheka, na katikati ya kicheko akakaa chini sakafuni. Bibi akamwekea mikono kichwani, yote miwili, akaanza kumpapasa masikio, paji la uso, shingo, pale mama anapopima homa. Amos alilia wazi wazi, jitu zima, wala hakujificha. "Nilidhani nilimgharimu dada tu," alisema. Bibi hakumwelewa, akaendelea kumpapasa.

Frida ndiye aliyeuliza kama kitu chenyewe bado kinawaka. Televisheni yao ilikuwa mpya, lakini nyuma ilikuwa na matundu ya waya za zamani. Tekla akaleta mashine na boksi kutoka garini. Kaseti haikuhitaji kuatamiwa. Aliichomeka hivyo hivyo, na mlima ukatokea, na chini ya mlima msafiri na taa yake, amesimama anasubiri.

Tekla alinyoosha mkono kuchukua kishikio, akakuta Amos ameshakichukua.

Basi akawa yeye wa kusema "ruka." Walianguka mtoni, wakaanza upya. Walipigwa mawe, wakaanza upya. Chai ya Frida ilipoa mezani. Bibi Sabina alikuwa amesogeza kigoda karibu na kioo, na kila msafiri alipoteleza alivuta pumzi. Daraja la barafu likatokea. Amos alivuka bila kuambiwa, vidole vyake vizito vikibonyeza taratibu kama mtu anayemshika kifaranga.

Kule juu kulikuwa na nyumba moja ndogo, dirisha lina mwanga. Msafiri alishusha mzigo, akagonga. Mlango ukafunguka, akatoka mtu mdogo kama yeye, wakaketi kizingitini wote wawili, na jua likachomoza mpaka kioo chote kikawa cha njano. Yakapita maandishi ambayo hakuna aliyejua kuyasoma.

"Kumbe humu ndani mlikuwa na mtu," bibi Sabina alisema.

Baadaye alichomoa kaseti mwenyewe, baada ya kuonyeshwa, akamwekea Tekla mkononi. "Chukua. Mimi kazi yangu imekwisha. Nimemwona."

Boksi lilikuwa wazi kwenye kochi, na nafasi ya kaseti moja Tekla alikuwa ameiacha tangu akiwa msichana. Alimtazama Amos. Amos, aliyelicheka boksi lile njia nzima, alikuwa bado sakafuni, anaitazama kaseti ile kama mtoto anayeogopa kuomba.

"Bibi," akasema, "mimi nina watoto watatu."

Tekla aliichukua kanga kuukuu, akaviringisha kaseti, akakaza fundo, na kuirudisha mapajani mwa bibi. Kisha akafunika boksi lake.

"Wa kwanza anaitwa Jackline," alimwambia bibi, akamtajia na wengine, polepole, ili asubuhi na jioni asimsahau hata mmoja.