Mkono wa Mwalimu Polikarp

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, nalisema mwenyewe kabla hamjaambiwa na majirani. Lakini siku mshenga Beda aliporudisha ile barua, hata mpole angepandisha mori.

Binti yetu wa mwisho, Silvana, alikuwa ameposwa na kijana wa kijiji cha Mwimbi aitwaye Wiliam. Barua ya posa ilikuja vizuri, kwenye bahasha nyeupe, na mume wangu Polikarp akajifungia chumbani kutwa nzima akaandika majibu: tumekubali, karibuni. Wiki mbili baadaye Beda akarudi nayo, akaiweka mezani, togwa niliyomkaribisha hata hakuigusa. Alisema wazee wa Mwimbi wameikataa. Polikarp alifundisha shule yao miaka kumi na minne, nusu ya wazee hao walishika kalamu mara ya kwanza mbele yake, na mwandiko wake wanaujua: herufi nene, zimejipanga kama punje za mahindi kwenye gunzi. Barua hii ilianza kwa herufi ndogo, ikashuka ikizidi kusinyaa, mpaka mstari wa mwisho ukawa msafara wa sisimizi. Basi wakahitimisha kwamba baba hajakubali. Aliyeandika ni mama, kwa siri, kwa uchu wa harusi.

Mama ndiye mimi. Nilimjibu Beda maneno ambayo siwezi kuyarudia mbele ya wenzangu wa jumuiya.

Akaniacha niseme mpaka nikaishiwa, kisha akamaliza ujumbe wake. Barua ya posa haijibiwi kwa mkono wa kuazima. Huo ni utaratibu wa Mwimbi, na aliyeukazia, jamani, ni Polikarp huyo huyo alipokuwa mwalimu wao. Watasubiri hadi maharage yavunwe. Mkono wa mwalimu usipoonekana, Wiliam atatafutiwa kwingine. Silvana alikuwa jikoni akisikia yote, na kilio chake nilikisikia kupitia ukutani.

Polikarp alikuwa hapo hapo mezani muda wote. Mkono wa kulia alikuwa ameuficha kwapani. Beda alipoondoka ndipo akasema, "Mama Silvana, nimeandika mimi. Nikiandika naona ni kubwa. Nikimaliza nakuta zimekuwa hivyo."

Hapo nikajionea aibu. Miaka miwili nilikuwa namfunga vifungo vya shati, namgombeza kwa kuburuta miguu, namwita mvivu. Wageni wakija alikuwa hali chakula mpaka waondoke, wasije wakaona kijiko kikicheza mkononi mwake. Majirani walishaninong'oneza niende kwa mganga. Kesho yake nikampeleka hospitali.

Daktari aliitwa Mayunga, Msukuma kijana mwenye sauti ya chini. Alimwambia Polikarp aandike jina lake mara kumi, akalitazama likipungua, akatikisa kichwa. Alisema ugonjwa unaitwa Parkinson na hakuna mtu aliyeutuma. Ndani ya ubongo kuna kitu kinacholainisha mwendo wa viungo, na kwa Polikarp kitu hicho kinapungua. Dawa ipo, ila itabidi tuagize Mbeya, na hata hiyo haiponyi. Nikamuuliza sasa tukae tumtazame tu? Akasema hapana, mkono ufundishwe upya. Mtu akiandika bila kufikiri, ubongo unapita njia yake ya zamani, na ya Polikarp imeota majani. Akiandika kwa kukusudia, anaitazama kila herufi, ubongo unalazimika kupita pengine, na panapopitwa kila siku huwa njia. Nusu saa kila asubuhi, kwenye mistari mipana, kila herufi iguse juu na chini.

Ilikuwa enzi za ruksa, maduka ya mtaa wa Majengo yamejaa madaftari ya kila rangi, si kama zamani ambapo daftari moja lilitafutwa mji mzima. Nikachagua la darasa la kwanza, la mistari miwili miwili. Muuzaji akaniuliza kama mjukuu anaanza shule. Nikasema ndiyo, tena ni mtundu.

Mtundu kweli! Siku ya kwanza alilisukuma daftari, akasema yeye si mtoto. Nikamkumbusha kwamba mimi kusoma na kuandika nilijifunza ukubwani, kwenye darasa la watu wazima, na mwalimu alikuwa yeye, na hakuwahi kunionea huruma kwa kuwa ni mkewe. Nikakaa karibu yake na mwiko mkononi. Herufi ikisinyaa nagonga meza. Mwanzoni tulinuniana mpaka chai ikapoa. Asubuhi za Ufipa zina baridi ya kukata, lakini yeye alitoka jasho kwa mstari mmoja wa "a". Wiki ya pili mstari ukafika mwisho bila kupungua. Wiki ya tano akajaza ukurasa, akauinua dirishani, akacheka kicheko ambacho nilikuwa nimekisahau. Nilifurahi, sifichi. Vifungo bado nilimfunga mimi, na miguu bado iliburuta, lakini asubuhi zile zilikuja kuwa tamu kwetu wote wawili, na Silvana akawa anatuletea viazi vya moto anatucheka.

Maharage yalipoanza kukauka shambani, akaandika barua. Ilimchukua siku nne na karatasi tatu. Herufi zilikuwa kubwa, lakini zimepinda kama za mtoto. Moyo ukanishuka. Wazee waliwakataa sisimizi, na hizi nazo si zile punje wanazozijua. Watasema safari hii mama amemwandikisha mtoto wa jirani. Nikamshauri tuseme amevunjika kiwiko. Akakataa. Akaichana barua yote mbele yangu, akasema niagize Beda aje.

"Aje anitazame," akasema.

Beda akaja, safari hii na mzee mwenzake wa kushuhudia. Polikarp akaketi mezani, mkono nje kabisa, unatetemeka na wote tunauona. Hakueleza kitu. Akaandika. Unasikia kalamu tu. Neno moja, anapumzika, neno jingine. Karatasi ikaanza kuteleza, na Beda, mtu mzima mwenye wajukuu, akainama akaishikilia kwa vidole viwili hadi mwisho. Nilipomtazama machozi yalikuwa yamejaa machoni. Akasema taratibu, "Mwalimu, tusamehe. Tumeuona mkono."

Polikarp akatia sahihi. Nikadhani yamekwisha, nikanyanyuka nilete chakula. Akanizuia, akanisogezea kalamu. Tangu nizaliwe sijaona jina la mama kwenye barua ya namna hiyo, na yule mzee wa pili alikohoa.

"Si mlisema ameandika mama yake?" Polikarp akawaambia. "Basi aandike."

Nikaketi. Nikaandika Marsiana chini ya jina lake, na mkono uliotetemeka zaidi ulikuwa wangu.