Mlango Usio na Kizingiti

Jua la alasiri likishaingia kwa dirisha la jikoni, nyumba yetu huwa kama imechovywa ndani ya asali. Vumbi linaelea, mapazia yanapumua, na mimi kwenye kiti changu cha magurudumu niko nusu usingizini, nusu macho. Ndiyo saa ambayo mume wangu hufunga kazi.

Kazi yenyewe hakuna. Useremala aliuacha siku nyingi, mikono ilipoanza kutetemeka, na baadaye kumbukumbu nazo zikaanza kumtoka kama maranda yanavyotoka kwenye mbao, nyepesi, zimejikunja, zikianguka bila kishindo. Lakini jua likiinama tu, yeye hukung'uta suruali, huweka penseli nyuma ya sikio, huja mpaka nilipo na kusema kwa adabu zote, "Mama, nimemaliza. Naomba niende zangu nyumbani, mke wangu ananingoja."

Mke wake ni mimi. Nikimwambia hivyo hucheka kidogo, kama fundi aliyetaniwa na mteja asiyetaka kumwudhi. Kisha huyo, mlangoni.

Wala simlaumu. Milango yote ya nyumba hii aliitengeneza mwenyewe, na kila mmoja aliuwekea kizingiti kirefu cha mbao ngumu, akisema nyumba isiyo na kizingiti ni kibanda cha kuuzia nyanya. Magoti yangu yalipogoma, vizingiti vile vikageuka milima. Kutoka chumbani kwenda chooni nikawa nabebwa kama gunia la mkaa. Ndipo mjukuu wetu akaingia kazini.

Mjukuu huyu ni mchoraji wa ramani za nyumba, na anaishi na sisi. Tunamwita Waya, maana tangu utotoni mifuko yake haikosi kipande cha waya. Aling'oa vizingiti vyote, akapanua milango, akajenga mteremko laini wa kushukia uani. Swichi alizishusha mpaka mkono wa mtu aliyekaa uzifikie. Ukutani akatia vijicho vidogo vinavyojua mtu akipita, na chini kabisa, ukingoni mwa sakafu, taa ndogo ndogo zinazowaka zenyewe mbele ya hatua zako. Maji ya mvua yanashuka kutoka bati mpaka tangini, na juu ya bati kuna paneli za sola. Akanieleza kwamba akili ya nyumba inakaa humu humu ndani, haingoji mtandao. Umeme ukikatika, nyumba inajibana kama mama mwenye watoto wengi, inazima vya starehe na kubaki na vya lazima.

Nikamtegea kitendawili: ninaye mzee juu ya paa, mchana anakula jua, jioni anatema mwanga. Akajibu kabla sijamaliza, tena akaniambia hicho si kitendawili, ni tangazo la biashara.

Nilikuwa na raha siku zile. Nilikuwa nazunguka nyumba yangu kama jani juu ya maji. Lakini mlango ulionipa njia mimi, ulimpa na yeye. Hakuna tena mbao ya kumgusa kidole cha mguu na kumwambia simama, hapa ni kwako. Na vile nyumba ilivyobadilika, sura yake ikampotea kabisa. Ikawa nyumba ya watu, amekuja kufanya kibarua, jioni arudi kwake.

Mara ya kwanza alikutwa sokoni anapima meza za wenyewe kwa futi na kuwagombeza kwa miguu isiyolingana. Tulicheka. Mara ya pili alikutwa kwenye barabara kubwa, viatu mkononi, magari yanampigia honi. Hapo hakuna aliyecheka.

Mwanangu mkubwa, baba yake Waya, alikuja siku hiyo hiyo. Si mtu mbaya, ni mtu mwenye hofu, na hofu yake huongea kwa sauti kubwa. Alitaka mlango ufungwe kwa ufunguo kila alasiri. Waya akamkatalia, akasema moto ukitokea babu na bibi wataungua wote wawili, na nyumba inayomfungia mtu ndani si nyumba, ni kabati. Mimi nami sikutaka kumsikia mume wangu akigonga, kutoka ndani, mlango alioupiga randa mwenyewe.

"Basi akitoka tena, namchukua," mwanangu akasema. "Kwangu ni juu, hatashuka peke yake."

Kwake ni ghorofa ya mwisho, ngazi tupu, lifti hakuna. Kiti changu hakiwezi kupanda hata siku moja. Hakulisema hilo, na mimi sikulisema, lakini lilikaa pale sebuleni katikati yetu kama mgeni aliyekataa chai. Baba juu, mama chini. Akasema atarudi Ijumaa.

Waya akaona mlango upewe sauti. Akanirekodi nikisema, mume wangu, rudi ndani, jioni imeingia. Nikayasema kwa upole kuliko nilivyowahi kusema naye ujanani. Alasiri ile akasimama mlangoni, mlango ukanena, naye akakasirika. Aliuuliza ukuta tangu lini fundi akapewa amri na redio. Akasukuma, akatoka. Bahati Waya alikuwa uani, akamrudisha taratibu kwa kumwomba ushauri wa mbao.

Kesho yake Waya, kwa haraka zake, alibadilisha maneno akakosea kipande. Badala ya yale mapya, aliweka yale ya mapumzikoni, tulipokuwa tunapiga soga na kutegeana vitendawili, kinasa sauti kimesahauliwa wazi. Mume wangu akashika kitasa, na mlango, kwa sauti yangu, ukasema, "Kitendawili."

Mkono wake ukasimama hewani.

"Tega," akasema.

Neno lile halikupita kichwani, lilitoka lenyewe, kama mguu unavyojua ngazi ya nyumbani. Mlango ukatega, yeye akafikiri, akajibu, akaomba kingine. Waya alikuwa ameziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Usiku ule tukarekodi vingine tele, na siku zilizofuata alasiri zikapita moja baada ya nyingine, yeye amesimama pale anabishana na mbao, mpaka giza linaingia na safari inamtoka moyoni.

Ijumaa mvua ilikuja mapema. Waya alikuwa bado kazini. Nilisinzia chumbani, nikaota mume wangu ni kijana, yuko juu mawinguni na randa yake, na maranda meupe yanashuka kimya mpaka mapajani mwangu. Nilipofumbua macho mvua ilikuwa kweli, na umeme ulikuwa umekwenda. Friji imenyamaza. Taa ndogo za chini tu ndizo zilizobaki, zimefifia, na kule mbele sauti yangu mwenyewe ilikuwa inaongea bila mimi.

"Asubuhi mrefu, mchana mfupi, jioni mrefu tena."

"Kivuli," mume wangu akajibu. "Na leo hakipo. Sasa zamu yangu. Kitendawili."

Mlango ukanyamaza. Hilo mimi na Waya hatukuwa tumeliwaza, kwamba mlango nao ungetegewa.

"Kitendawili," akarudia. Akangoja. "Hakuna mtu humu," akajiambia, na nikasikia kitasa kikilia.

Nikasukuma magurudumu. Taa zikawa zinaamka mbele yangu, moja inamwita mwenzake, nami nikapita mlango wa kwanza, wa pili, bila kukwama popote, gizani, kama mtu anayeogelea katika ndoto yake.

"Tega," nikasema.

Aliniangalia. Mlango ulikuwa wazi kiasi cha kiganja, na harufu ya mvua ilikuwa imeshaingia.

"Ndugu wawili. Mmoja hatoki ukutani, mwingine hatulii. Msumari mmoja umewashika wasiachane."

Jibu nililijua. Mke wa seremala nisijue? Lakini nikijibu mchezo unaisha, na nje barabara inamngoja. Nikasema nimeshindwa.

"Nipe mji," akadai.

Ndivyo ilivyo, aliyeshindwa hutoa mji, mshindi anakwenda huko kwa maneno, akirudi anatoa jibu. Siku zote nilikuwa nampa miji mikubwa ya mbali, yenye taa. Safari hii niliogopa miji ya mbali.

"Nakupa mji huu. Huu ulioko ndani ya mlango huu."

Akaugemea mlango kwa mgongo, ukajifunga. "Nilikwenda mji huo," akaanza, polepole. "Nikakuta hauna vizingiti. Nikasema, fundi gani huyu? Mtu anapita kama maji. Nikakuta taa zinatambaa chini, kama vimulimuli waliochoka kuruka. Nikamkuta mama mmoja amekaa, ananitazama kama ananijua. Wakaniuliza nataka nini. Nikasema naangalia tu kazi ya watu. Mlango umepanuliwa, lakini bawaba ni zile zile za zamani. Ndugu wawili ni bawaba." Akageuka, vidole vikapapasa mbao gizani, vikasimama. "Hii ya juu imelegea. Mlango utalala."

Hapo mlango ukagongwa. Alikuwa mwanangu, amelowa chapachapa, begi tupu mkononi, la nguo za baba yake. Kwa namna alivyotutazama nilijua amesimama nje pale kitambo, anasikiliza.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Usiuvute kwa nguvu, bawaba imelegea."

Mwanangu akamtazama baba yake, akanitazama mimi, akaushika mlango kwa mikono miwili, pole pole, kama unavyomshika mgonjwa. Maji yalikuwa yanamtiririka puani.

"Kazi imebaki kubwa, fundi?"

"Imebaki. Na leo giza."

"Basi lala hapa hapa, kesho uimalize."

Mume wangu akanigeukia. "Mama ataruhusu?"

Nikaruhusu.

Asubuhi alikaza skrubu kwa bisibisi, mkono unatetemeka lakini njia unaijua, na mwanangu amemshikilia mlango upande wa pili, anasifu kazi. Aliondoka na begi lake tupu, akaniambia atakuja na gundi nzuri ya mbao. Waya naye, tangu siku ile, kila siku kabla ya kwenda kazini hulegeza kitu kimoja mahali fulani, droo, mguu wa stuli, ubao wa rafu, na hamwambii mtu ni wapi. Katika michoro yake ya nyumba mpya, nyumba zenye akili zisizokosea kitu, siku hizi anaacha mahali pa kutengenezwa na mwenyewe, na wateja wanamshangaa.

Mnaniuliza kama ametoka tena. Ametoka, mara moja, alasiri. Alikwenda kwa jirani kuazima patasi. Akarudi mwenyewe, anaharakisha, maana kazi aliiacha katikati.