Sekunde Kumi na Nane za Mwisho

Alhamisi asubuhi mlango wa chumba cha mashine ulibishwa mara tatu, na Gundi, aliyekuwa amelala chali chini ya projekta, uso mweusi kwa mafuta na bisibisi mdomoni, hakujua la kufanya. Mlango ule haukuwa umezoea adabu. Mjomba wake huusukuma kwa goti. Mke wa mjomba, ambaye mji mzima unamwita Mama Tiketi, huanza kupiga kelele akiwa bado ngazi ya tatu.

“Pita!” alisema, bisibisi ikamwangukia shingoni.

Aliingia mzee mmoja aliyevaa suti ya kijivu iliyomkaa kana kwamba alizaliwa nayo. Mkono wake mmoja ulikuwa ukipapasa ukuta.

“Shikamoo, babu. Umepotea? Choo kiko chini, mkono wa kushoto.”

“Marahaba. Kwa umri wangu, mjukuu wangu, choo sikitafuti. Chenyewe ndicho kinaniita.” Alihema kidogo, maana ngazi zilikuwa ishirini na sita. “Nimeambiwa hapa bado mnayo ile filamu. *Pacha wa Fundi Viatu*.”

Gundi akainuka ghafla, akajigonga kichwa kwenye chuma cha mashine. Hakusikia hata maumivu. Mtu akikutajia jina la mpenzi wako bila wewe kutarajia, kichwa si kitu.

Maana Gundi aliipenda filamu ile kuliko alivyoweza kueleza. Alikuwa ametoka chuo kikuu mwaka uliopita, na tangu hapo alikuwa akituma barua za kuomba kazi na kuungaunga tepe za filamu zilizokatika, kazi iliyompa lile jina lake, kwa kuwa vidole vyake havikuwahi kukauka gundi. *Pacha* ilikuwa ndani ya makopo saba ya bati, na ndiyo iliyolilisha jumba lile la sinema tangu enzi za babu yake. Ni habari ya fundi viatu aliyemtengenezea dada mmoja, tarishi wa posta, viatu vibovu, vikampasukia mvua ikinyesha, akiwa na mfuko mzima wa barua. Dada akaapa hatamsemesha tena. Basi fundi akajizulia pacha: mpole, msafi, mwenye miwani. Dada akampenda pacha. Saa nzima na nusu fundi anakuwa watu wawili, na kuna mlo mmoja ambapo wote wawili wamealikwa, akawa anatoka kwa dirisha la jikoni na kuingia kwa mlango wa mbele, anabadilisha koti akikimbia, hata supu inapoa na watazamaji wamelowa machozi ya kicheko.

Na kila ilipoonyeshwa, watu waligawanyika. Nusu walitoka wakipangusa macho. Nusu walitoka wakisonya. Ndani ya nyumba ya Mjomba penyewe palikuwa na kambi mbili.

“Huo ni utapeli,” Mama Tiketi alikuwa akisema. “Mwanamume anamdanganya mwenzake miezi sita, halafu mimi nicheke? Angekuwa binti yangu ningemrushia fundi viatu vyote viwili, na ngozi juu yake.”

“Lakini alijua, mkaza mjomba! Dada alijua tangu mwanzo! Ile miwani haina vioo. Kuna pahali anamtoa uzi kwenye kope, kidole kinapita katikati ya fremu, na anaendelea kuzungumza kama hakuna lililotokea. Hakudanganywa. Alikuwa anasubiri mtu aache kuogopa.”

“Wewe ukiolewa utanieleza.”

Kwa Gundi, kile kidole kilichopita katikati ya fremu kilikuwa na werevu na huruma kuliko vitabu vyote alivyosoma chuoni. Ni mara ngapi mtu anaona uongo wako, anaona na woga ulio nyuma yake, halafu anakutoa uzi jichoni taratibu?

Mzee alipokuwa amepewa kiti na glasi ya maji alieleza shida yake. Alikuwa fundi cherehani, na alikuja kuitazama filamu ile katika jumba lile lile miaka arobaini na mitatu nyuma, na msichana aliyekuwa akimchumbia.

“Watu walifurika. Tukapata viti viwili tu, mstari wa nane, nyuma ya ile nguzo.”

“Ile nguzo!” Gundi alicheka. “Viti vile hatuuzi siku hizi. Mama Tiketi huweka ndoo pale.”

“Sisi tuliuziwa. Kila mmoja akainamia upande wake, mimi kulia, yeye kushoto, mikono tumeshikana katikati. Shingo iliniuma siku tatu.” Alitabasamu. “Nikamuoa. Tukaishi vizuri. Ila tuligombana jambo moja maisha yetu yote. Mwishoni, dada anafunga mlango. Fundi anaacha nje viatu vipya alivyomshonea, anakwenda zake. Kweli?”

“Kweli. Kimoja huku, kimoja huku, kama askari wa zamu.”

“Halafu mlango unafunguka kidogo, mkono unatoka. Mimi nasema mkono ulirudi mtupu, viatu vikabaki. Mke wangu alisema dada alivichukua. Nikiunguza nguo kwa pasi, ananiambia, ‘Ndiyo maana hukuona viatu.’ Nikichelewa kurudi, nakuta ameweka viatu vyangu nje ya mlango. Hata hospitali, siku mbili kabla hajaondoka, alinivuta shati akaninong’oneza: ‘Alivichukua.’”

Gundi akamwongezea maji kwenye glasi.

“Sasa macho yangu yanafunga duka,” mzee alisema. “Uzi siuoni tena kwenye sindano. Daktari amenipa miezi, si mwaka. Nimwone dada yule akichukua au asichukue, basi. Ila nimesikia siku hizi hapa taa huwashwa mapema.”

Hilo lilikuwa kweli, na ilikuwa siri ya kazi. Enzi zile watu walipoupenda mwisho, walipiga miguu sakafuni wakiimba “Rudisha! Rudisha!” na Mjomba, kijana mwenye moyo laini, alirudisha. Mara tatu, mara nne kwa onyesho moja. Utepe ukichoka hukatika; ukikatika unapunguza kipande, unapaka gundi, unaunga. Hivyo mwisho uliliwa na wale walioupenda. Zilikuwa zimebaki sekunde kumi na nane, zenye viraka kumi na kimoja, kavu kama jani la mwaka jana. Kwa miaka ishirini Mjomba alikuwa akizima mashine mara tu fundi anapoondoka, na kuwasha taa. Vijana waliamini filamu inaishia hapo. Gundi mwenyewe hakuwahi kuziona. Aliwahi kuuinua utepe mbele ya balbu, viatu vikawa vidogo kama punje za mchele, akaurudisha haraka. Alijiwekea nadhiri kwamba ataona mwisho ule pale unapostahili kuonwa, kwenye pazia kubwa, au asiuone kabisa.

“Njoo Jumamosi, saa tisa alasiri,” alimwambia mzee. “Nitaionyesha yote.”

“Yote yote?”

“Sitawasha taa mpaka gurudumu lisimame.”

Mzee alimpa mkono. Kiganja chake kilikuwa laini, na ncha ya kidole cha shahada imejaa vitobo vidogo vya sindano.

Ijumaa, barua ikaja.

Mama Tiketi aliileta mbio, akasahau hata kupiga kelele kwenye ngazi ya tatu. Ilitoka Hifadhi ya Filamu, ambako Gundi alikuwa ameomba kazi mara tano. Waliandika kwamba nakala zote za *Pacha* wanazozifahamu zimepoteza mwisho wake. Kama nakala ya jumba lile ingefika kwao Jumatano, na kipande cha mwisho kikiwa kizima, wangeipokea na kuitengenezea nakala mpya, na kumpokea yeye pia, mwaka mzima wa mafunzo ya kazi. Kama kipande hakipo, walisikitika, nakala za filamu hiyo wanazo tayari.

Gundi aliisoma mara mbili, akaketi juu ya kopo namba saba, kisha akaruka kana kwamba ameketi juu ya mtoto.

“Haleluya na kila kinachofanana nayo!” Mama Tiketi alisema. “Nenda, mwanangu. Hata kama ni kwa ajili ya utapeli ule.”

“Na mzee wa kesho?” Gundi aliuliza, alipokwisha kuwapigia simu Hifadhi.

Mjomba, aliyekuwa akipangusa lenzi kwa ncha ya shati, hakugeuka. “Mzee wa kesho ataona filamu. Fundi akiondoka utawasha taa, kama siku zote. Macho yake yenyewe umesema hayafai. Atajuaje?”

“Nimemwahidi, Mjomba.”

“Nami nimeendesha mashine hii tangu mama yako anang’oka meno ya utoto. Kipande kile kikipita humo, hakitoki kizima. Sikutishi. Nakwambia tu kama fundi.” Sasa aligeuka. “Mwambie asubiri nakala mpya.”

“Nimewapigia simu. Wanasema mwaka, pengine miwili. Na nikiwapelekea kwanza, hawarudishi.”

Mjomba alikuna kidevu. “Basi kesho kaa wewe kwenye mashine. Mimi nitauza karanga. Sitaki mkono wangu ndio uamue.”

Usingizi wa Gundi siku ile ulikuwa wa kuazima. Jumamosi alianza kazi mapema. Alisafisha njia yote ya utepe kwa pamba na spiriti, akalegeza kibanio cha lango la mashine nusu mzunguko, akavipitia viraka kumi na kimoja kwa kidole kimoja kimoja, kama mtu anayegusa uti wa mgonjwa. Kiraka cha mwisho kilikuwa kimeinua ukingo. Alikipaka gundi, akakipulizia pumzi mpaka kikashika. Zaidi ya hapo hakuna alichoweza.

Saa tisa kamili walikuwepo watu thelathini na wawili. Aliwatazama kupitia kidirisha. Mzee alikuwa amesimama mstari wa nane, akibishana kwa heshima na Mama Tiketi.

“Babu, viti vitupu viko tele kule mbele. Hapa ni pa ndoo!”

“Niondolee ndoo yako, mwanangu. Nataka kiti cha kushoto. Kile cha mke wangu. Nione alichokiona yeye.”

Mama Tiketi, ambaye hakuwahi kushindwa na mteja, aliinua ndoo.

Filamu ilikuwa njema kama ilivyokuwa siku zote. Viatu vikapasuka kwenye mvua, pacha akazaliwa, supu ikapoa. Kidole kilipopita katikati ya fremu, Gundi alimsikia mtu akisonya huko gizani na mwingine akiguna kwa raha, na aliwapenda wote wawili. Kopo la sita likaisha. Akaweka la saba kwenye mashine.

Fundi akaungama. Dada akafunga mlango. Fundi akaweka viatu, kimoja huku, kimoja huku, akaondoka.

Hapa ndipo.

Kidole cha Gundi kilikuwa juu ya swichi, na kidole kina mazoea yake. Barua ilikuwa mfukoni, aliisikia ikikwaruza kila alipopumua. Chini, watu walikwisha anza kuvuta mifuko yao. Mzee peke yake hakujongea. Alikuwa ameinama upande wa kushoto wa nguzo, shingo ameinyoosha, na mkono wake wa kulia ulikuwa umelala, kiganja juu, kwenye kiti kitupu cha pembeni.

Gundi akaondoa kidole.

Kiraka cha kwanza kikapita na mlio mdogo, kama kidole kinachovunjwa. Cha pili. Cha tano. Watu wenye mifuko wakasimama walipo. Kwenye pazia mlango ulifunguka, upana wa shubiri moja, na mkono ukatoka. Ulikuwa mkono wa mtu ambaye amekasirika na hataki kuonekana. Ulipapasa kushoto, ukashika kiatu, ukakiingiza ndani. Mlango ukaanza kufungwa. Kiatu cha kulia kilibaki pale pale nje, ncha yake ikitazama barabarani alikokwenda fundi.

Kiraka cha tisa kikaachia. Utepe ukapanda, ukajikunja, meno ya mashine yakautafuna, na pazia likawa jeupe.

“Alikichukua!” Sauti ya mzee ilijaza jumba. “Nimeona! Jamani, alikichukua! Miaka yote hii nambishia mtu mkweli!”

“Amechukua nini?” kijana mmoja aliyesimama nyuma ya nguzo, upande wa kulia, alipinga. “Kiatu kile nimekiona kimebaki!”

“Kimeingia!”

“Kimebaki, nakwambia!”

Thelathini na wawili wakawaka. Mzee akainua uso kuelekea kidirishani, macho yake mafifu yakitafuta mwanga. “Mjukuu wangu! Wewe uko juu, huna nguzo. Umeona nini?”

Mapajani pa Gundi palikuwa na vipande vya utepe, vifupi kama kucha. Hakuna Hifadhi ya Filamu duniani ambayo ingeviita kipande kizima.

“Kimoja, babu!” alipaza sauti. “Cha kushoto amekichukua. Cha kulia amekiacha. Fundi itabidi arudi!”

Kisha Mama Tiketi akaangua kicheko mlangoni, kicheko cha kuangusha karanga. “Sasa huyo dada ndiye ninayemwelewa!”

Mzee hakucheka. Alikipapasa kile kiti cha pembeni, taratibu, kama anayelainisha kitambaa kabla ya kukikata.

“Kumbe tulikuwa tumekaa vibaya tu,” alisema.

Nyuma ya Gundi mlango ulisukumwa kwa goti. Mjomba aliviona vipande, akamwona yeye. Alichuchumaa, akaanza kuviokota kimoja kimoja na kuvilaza kwenye kitambaa safi. Gurudumu lilikuwa bado linazunguka, ncha ya utepe ikipiga chapu, chapu, chapu. Watu wakaanza kuuliza taa. Gundi aliweka kidole kwenye swichi akasubiri. Chapu. Chapu. Likazunguka nusu, likayumba, likasimama.

Ndipo akawasha.