Ndege Tu, Ukuta Mzima

Kwenye simu mteja wangu alisema, "Nataka ndege tu, ukuta mzima. Nikirudi safari nikute umemaliza." Angesema ndege kubwa, au ndege wakubwa, ningemwelewa. Hakuongeza neno. Ofisi yake mpya haikuwa hata na bango. Mlinzi alinifungulia chumba kinachonuka saruji, viti vitatu tu ndani, nami nikapanda ngazi na makopo yangu ya rangi.

Nilichora ndege wenye manyoya. Mmoja amebeba kitanda mgongoni, mwingine ana tundu la ufunguo kifuani, wa tatu ametaga balbu na zinawaka. Wote hawana miguu. Wote wanaelekea mlangoni, isipokuwa mmoja kwenye kona. Huyo amegeuka, anarudi, na mdomoni ameshika shati la mvulana.

Mkurugenzi, ndivyo anavyojiita ingawa ofisi ina viti vitatu, aliingia na sanduku lake akaganda.

"Dada, hawa ni nini?"

"Ndege."

"Mimi nauza tiketi za ndege. Ndege zenye injini."

Mlinzi alicheka mpaka akatoka nje. Na mimi nilicheka, kisha nikaacha, maana Mkurugenzi alikuwa ameshavuta ndoo ya rangi nyeupe.

"Kosa ni langu, sikukueleza vizuri," akasema. "Lakini leo hii wafutwe. Mtu anataka kusafiri, wewe unamwonyesha ndege hana miguu. Atatua wapi? Huu si mkosi?"

"Sifuti."

"Basi watie magurudumu."

"Siwatii ng'o."

Nimeandika mabango ya saluni na maduka ya dawa tangu nimalize shule, herufi za watu, maneno ya watu. Huu ulikuwa ukuta wangu wa kwanza kuchora kilicho changu, na niliupenda kuliko nilivyowahi kupenda kazi yoyote. Kwa hiyo nikamweleza waziwazi. Nilipokuwa mdogo, kaka yangu alikwenda kusoma mbali. Nikauliza yuko wapi, mama akaniambia amekwenda na ndege, na mimi ndege niliowajua ni wale wa juu ya bati. Nikawa nawatupia makombo ili wamrudishe. Baadaye nilijua kumbe ni ndege ya injini, lakini kaka hakurudi. Simu zake zikapungua, kisha zikakoma kabisa. Mpaka leo nikisikia ngurumo angani naona manyoya.

"Pole sana," akasema, na aliisema kwa moyo. "Lakini mimi nina biashara ya kufungua." Akaninyooshea brashi.

Nikapiga moyo konde, nikaficha mikono nyuma.

"Futa mwenyewe. Anza na yule wa kona."

Alichovya brashi akaenda konani. Hapo mlango ukafunguliwa, akaingia mama yangu na chakula changu. Siku zote alikuwa akikiacha kwa mlinzi, kwa sababu nilimkataza kuingia. Niliogopa atakavyoupokea ukuta huu. Sasa mlinzi alikuwa nje anamalizia kucheka, na mama akapita.

Aliutazama ukuta taratibu, kuanzia mlangoni. Akafika kwenye shati. Kifungo cha pili ni chekundu, vingine vyote vyeupe. Yeye ndiye aliyekishona kwenye shati la kaka, cha mwanzo kilipopotea. Mama akavuta kiti kimoja cha wateja, akakigeuza kuelekea kona, akaketi na bakuli mapajani.

Mkurugenzi, kwa mazoea ya kazi yake, akamuuliza, "Mama, unasafiri?"

"Hapana, mwanangu," mama akasema. "Nimekuja kumpokea mtu."

Brashi ilikuwa inadondoshea rangi nyeupe kiatu cha Mkurugenzi. Akamwangalia mama, mama anaangalia kona. Kisha akaiweka brashi sakafuni, akaifunika ndoo, akakikandamiza kifuniko kwa kisigino.

"Mlinzi," akaita, "mletee mama maji ya kunywa."