Dereva Aliyekaa Sawasawa

Kuanzia Munje hadi Lunga Lunga, hakuna bibi anayejua kusimulia kunishinda mimi. Aliyekuwa akinishinda tulimzika mwaka jana, na waliobaki hawasikii vizuri. Basi nisikilizeni.

Mbeyu wa Munje aliolewa na Boga, dereva wa basi la Msambweni kwenda Likoni, siku zile bendera ya uhuru ingali haijapauka. Kuolewa na dereva kulikuwa jambo kubwa. Samaki walikufikia kabla hawajafika sokoni, na wenzio walikupisha kisimani. Lakini dereva ana vituo vingi, na si vyote anavyoteremshia abiria.

Mtoto wao wa kwanza, Mwanaima, alizaliwa macho yamevimba, yamegandana kwa usaha. Moja lilipona, la pili likabaki na ukungu. Majirani walisema ni kijicho cha watu, Mbeyu akaamini, akamvalisha mtoto hirizi. Sasa alikuwa na mimba ya pili, na Bi Dama, muuguzi wa zahanati, mama mnene asiyemung'unya maneno, alimpima akamwambia hapana kijicho hapo.

"Ni kisonono, mwanangu. Wewe nimekudunga. Lakini mumeo asipokuja, mimi nateka maji kwa pakacha. Atakurudishia, na huyu wa tumboni atazaliwa vile vile. Dada yake aliponea jicho moja. Huyu tusimbahatishie."

Mbeyu alirudi akiwaza njia nzima. Hasira alikuwa nayo, ila aliibeba kama mtu aliyeshika chungu cha moto, anatafuta kwanza pa kukitua. Akimtukana Boga, Boga atatoka akalale Ukunda, na sindano itabaki kwa Bi Dama. Akinyamaza, atakayelipa ni mtoto.

Akamwambia kwa upole.

"Kisonono!" Boga akacheka. "Hilo ni joto la injini, mke wangu. Twaikalia kutwa kucha. Madereva wote twakojoa moto, muulize yeyote."

"Na mimi, Baba Mwanaima, injini yangu iko wapi?"

Boga akakumbuka kwamba ana gurudumu la kutazama, akatoka.

Kusema kweli hakuogopa sindano. Aliogopa barabara. Dawa ile ilikuwa nzito kama uji wa jana, na aliyedungwa kalio alikaa upande siku kadhaa. Dereva akipita ameegemea mlango, wauza madafu wa Diani walipiga makofi: "Huyo katoka kwa Bi Dama!" Chome, dereva mwenzake, alidungwa mara moja tu, na jina la Mshazari akazeeka nalo.

Mbeyu aliyajua hayo, na hakumkera tena. Alimuuliza neno moja tu, huku akipepeta mchele: "Mtoto wako akizaliwa haoni, hao wauza madafu watacheka nini?" Boga hakulala vizuri usiku ule. Mbeyu alimsikia akijigeuza, akapata matumaini.

Kesho yake Boga alirudi mapema, changu wawili mkononi, uso umejaa bashasha.

"Nimeshakwenda, Mama Mwanaima. Nimedungwa."

Moyo wa Mbeyu ukatua. Aliweka mkono tumboni. "Alhamdulillahi. Upande gani?"

"Pande zote mbili! Yule mama hana huruma hata kidogo."

"Pole, baba. Basi nisaidie kukuna nazi, maana mie mpaka leo siwezi kukaa."

Boga hakuwahi kukuna nazi tangu azaliwe, lakini siku hiyo angekubali hata kufua nepi. Akaivuta mbuzi ya kukunia, akajibwaga juu ya ubao wake wa kukalia, puu! Akakaa sawasawa kama yuko kwenye usukani, akaanza kukuna huku akipiga mluzi.

Mbeyu alikuwa amepiga magoti kando ya meko. Alimtazama kuanzia kofia, akateremka taratibu, macho yakaishia kwenye ubao.

"Mimi nilidungwa upande mmoja tu, Baba Mwanaima," alisema. "Na tangu siku ile nala nimepiga magoti."

Mluzi ukakatika. Boga akainua kalio la kulia, polepole. Kisha, akikumbuka alivyosema, akajaribu kuinua na la kushoto.