Mitungi ya Kuazima

Mjini Machakos, ukitaka kumjua mtu anayeaminika, usiulize kanisani. Uliza stendi ya mabasi. Huko watakutajia Musembi, mkaguzi wa mabasi ya gesi, mtu mrefu ambaye miaka ya kuchungulia chini ya magari imempinda mabega, na ambaye hakuna aliyewahi kumwona akipokea hata soda ya mwenye basi. "Injinia" ndivyo walivyomwita. Alichosomea ni ufundi wa magari tu, miaka miwili, lakini alikuwa amechoka kuwasahihisha.

Sifa hiyo hakuiokota. Bei ya dizeli ilipowashinda wenye magari na mabasi ya gesi yakaanza kuingia mjini, watu waliyaogopa kama ukoma. Kila simu ilikuwa na ile video ya basi lililoungua huko mbali, na kila aliyeitazama aliapa kwamba yeye na gesi watakutana jikoni tu. Kwa muda wa mwezi mzima mabasi yale yalisimama matupu huku makondakta wakiimba bei nafuu mpaka sauti zikakauka. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, watu walisema, wakapita.

Ndipo ofisi ya ukaguzi ikamleta Musembi. Katika mabasi matano ya kwanza aliyoletewa, alikataa matatu. Habari zikafika mpaka Mitaboni kwamba kuna mtu wa serikali anayekataa, na katika nchi hii hakuna kinachojenga imani upesi kama mtu anayekataa. Tangu siku hiyo, kabla ya kupanda, mabibi walisogeza nyuso zao karibu na kioo cha mbele wakiitafuta stika ya kijani yenye saini yake. Hata wasiojua kusoma waliijua ile saini.

Na kazi yenyewe aliifanya kweli. Alilala chali chini ya basi, akapaka maji ya sabuni kwenye kila kiungo cha bomba na kusubiri aone kama yatatoa mapovu. Kisha aliisoma namba iliyogongwa kwenye shingo ya kila mtungi, pamoja na tarehe uliyopimwa mara ya mwisho, akaviandika vyote katika daftari lake. Hakuna aliyemwagiza kuandika. Aliandika kwa sababu ndivyo alivyo.

Daftari hilo ndilo lililomharibia usingizi. Jumatatu moja aliletewa basi la Kithimani, akaandika namba za mitungi mitatu, na alipofika kwenye wa nne mkono wake ukasita. Namba hiyo iliishia na mwaka aliozaliwa yeye, na alikumbuka kwamba aliwahi kuitabasamia. Akafungua kurasa za nyuma. Wiki tatu zilizopita, mitungi hiyo hiyo minne ilikuwa chini ya Nyota ya Yatta, basi la mfanyabiashara anayeitwa Masila. Wiki mbili kabla ya hapo ilikuwa chini ya basi jingine kabisa. Mabasi matatu, mitungi minne, na saini mbili za Musembi, ya tatu ikingojwa.

Hakuhitaji kuelezwa. Kila mwenye gari hapa anajua siku ya ukaguzi inavyokwenda: unaazima matairi mazima kwa jirani, unaazima kizima moto kwa rafiki, gari linapita, na jioni kila kitu kinarudi kwa mwenyewe pamoja na asante. Hakuna anayeona dhambi. Ni ujirani mwema. Musembi mwenyewe, kabla hajapata kazi hii, aliwahi kuazima matairi manne kwa ajili ya pikapu ya baba mkwe wake, wakalicheka jambo hilo wakinywa chai. Sasa wenye mabasi walikuwa wamechanga wakanunua seti moja ya mitungi mizuri, wakawa wanaizungusha kama sufuria kubwa za kikundi cha akina mama zinavyozungushwa kutoka harusi hadi matanga. Hakucheka safari hii. Alihisi aibu, na nyuma ya aibu ilikuwepo hofu.

Alilikataa basi la Kithimani hapo hapo. Lakini yale mawili yaliyokwisha kupita yalikuwa barabarani, na mitungi yaliyoibeba hakuna aliyeijua.

Alimpelekea daftari mkubwa wake, Bwana Kitonga. Kitonga si mtu mbaya, na hilo lilikuwa sehemu ya tabu yenyewe, maana mtu mbaya ungemkasirikia ukapata nafuu. Alifunga mlango, akasoma namba zote mara mbili, akavua miwani. Akaeleza kwamba cheti ni cha mwaka mmoja. Kukifuta, lazima basi lipimwe upya, na ili lipimwe upya, lazima mwenyewe aandikiwe barua ya siku saba. Musembi akamwuliza hizo siku saba mitungi mizuri itashindwaje kurudi chini ya basi. Kitonga akasema jambo ambalo Musembi alilichukia kwa sababu lilikuwa kweli: watu wameanza kuwaamini juzi tu, na wakitangaziwa kwamba stika si kitu, hawataamini hata zile za haki.

Alimwendea askari wa barabarani. Askari alimsikiliza kwa adabu, akafuatana naye mpaka lilipoegeshwa Nyota ya Yatta, akainama mbele ya kioo na kuisoma stika polepole. Kisha akauliza kama ile saini si ya Musembi mwenyewe. Ilikuwa yake. "Basi mimi nitashika nini hapa, Injinia?" askari akasema.

Hayo yote angeweza kuyameza, kama wengi wetu tunavyomeza, laiti mama yake asingekuwa mjini. Kalunde alikuwa ametoka Kivaa Jumapili kuja kuonwa macho, na Jumatano alitaka kurudi kwake. Basi kubwa linalokwenda moja kwa moja mpaka Kivaa ni hilo hilo Nyota ya Yatta. Musembi alimsihi angoje Ijumaa, jirani mwenye gari atampeleka mpaka mlangoni. Mama akasema mbuzi hawajui Ijumaa. Musembi akaahidi kumtafutia njia nyingine, akaenda kazini akidhani wameelewana. Saa nne mke wake akampigia simu: mama amefunga mzigo wake na kwenda stendi, anasema hataki kumsumbua mtoto wake.

Musembi alikimbia. Watu walimpisha njia wakicheka, maana hawakuwa wamewahi kumwona Injinia akikimbia.

Alilikuta basi limejaa nusu, na mama yake amekaa kwenye kiti cha pili karibu na dirisha, mzigo mapajani. Kabla ya kusema lolote alipiga magoti kwenye vumbi na shati lake safi, akamulika chini kwa simu. Mitungi mizuri haikuwepo. Ilikuwepo mingine minne yenye kutu, namba zake zimesagwa kwa mashine hadi chuma kikang'aa, na mmoja umefungiwa mahali pake kwa mpira wa tairi. Palikuwa na harufu pia. Ndogo tu, ya jiko ambalo mtu hakulifunga vizuri.

Akamwambia kondakta, Wambua, kwamba gari hili haliendi popote. Wambua alikuwa mtu mzima anayejua kazi yake, na kazi yake ilikuwa kuongea ili walio ndani wasikie. "Injinia, si ni wewe ulipima hii gari? Stika si hii? Ama siku hizi mkono mtupu haulambwi?" Watu kadhaa wakacheka. Wengine hawakucheka, wakamtazama Musembi kwa jicho jipya, na jicho hilo lilimchoma kuliko kicheko.

Alipanda kwenye ngazi ya mlango, akawaambia abiria ukweli kama ulivyo. Mitungi iliyo chini yao siyo aliyoipima. Ile ilikuwa ya kuazima. Gesi inavuja. Anawaomba washuke. Mwanamke aliyekaa nyuma, mwenye mtoto mchanga mgongoni, akauliza bila hasira kama aliwadanganya siku ile alipoweka saini au anawadanganya leo. Musembi akasema hajawahi kuwadanganya. Alijisikia kama mtuhumiwa anayejitetea kwa kurudia jina lake.

Ndipo akainuka Abdiqani, mchuuzi wa mbuzi aliyekuwa akienda sokoni Kithimani, akakusanya shuka lake na kushuka. Alisema amezunguka na mifugo miaka ishirini, na hajaona ofisa akimtoa abiria garini pasipo faida yake mwenyewe, na huyu hana faida hapa, kwa hiyo lazima ameona kitu. Wengine wanane wakamfuata, yule mwanamke na mtoto wake wakiwemo. Walisimama kando ya basi bila uhakika, lakini walikuwa nje. Musembi aliwatazama, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu akapata tumaini.

Akaenda kwa mama yake, akachuchumaa kando ya kiti.

"Mwaitu, shuka twende nyumbani."

Kalunde hakusogea. Macho yake yalikuwa mekundu kwa dawa ya hospitali, lakini yalimtazama barabara. "Musembi, ulikula pesa ya mtu?"

"Hapana, Mwaitu."

"Ulipima ukiwa umelala?"

"Nilipima vizuri. Walibadilisha mitungi baadaye. Hii ni mingine."

Mama akasema watu wamekuwa wakiazimana vitu vya gari tangu yeye akiwa msichana, na Kivaa wanafika. Kisha akaishusha sauti, akamwinamia ili wengine wasisikie.

"Hawa watu wote wanajua mimi ni mama yako. Mimi nikishuka, watasema hata mama yake hawezi kuamini ile karatasi anaandika. Watasema uliuza hiyo saini. Mimi siwezi shuka, mwana wakwa. Siwezi kuwapatia hiyo maneno."

Musembi alimwambia afadhali waseme. Alimwambia waseme hata kwamba ni mwizi, wamfukuze kazi, wamwimbe sokoni. Mama akampapasa mkono kama mtu anayemtuliza mwenye homa, akaendelea kukaa. Musembi akamshika kiwiko, na papo hapo akaona jinsi vidole vyake vilivyouzunguka mkono mwembamba wa mama yake mbele za watu. Akauachia. Kuna mambo mwana hawezi kumfanyia mzazi wake, na kumburuta nje ya basi ni mojawapo.

Dereva akawasha. Wambua akapiga bodi ya gari kwa kiganja, kwamba anayekwenda aende, anayebaki abaki.

Musembi alisimama katikati ya viti na kugundua kwamba amekwisha fanya kila alichokuwa nacho. Daftari lilikuwa mezani kwa Kitonga. Askari alikuwa ameona stika. Maneno yalikuwa yamesemwa yote, kwa Kiswahili na kwa Kikamba. Kilichobaki ni kushuka na kulitazama basi likiondoka na mama yake, na hilo hakuliweza. Basi akakaa. Alikaa kando yake, kwenye kiti kitupu, si kwa ushujaa. Alifikiri tu kwamba harufu ikizidi atakuwa wa kwanza kuisikia, na kwamba mlango wa dharura anajua unavyofunguliwa. Mama yake akasogea kumpa nafasi, amefurahi waziwazi.

Walio nje walimwona kupitia dirishani.

Abdiqani ndiye aliyerudi kwanza. Alisimama mlangoni akitabasamu kwa nafuu ya mtu aliyeepushiwa kukosa soko. "Kumbe Injinia mwenyewe unasafiri nayo."

"Abdiqani, shuka. Niko hapa kwa ajili ya mama yangu. Amekataa kutoka."

"Sasa nani atapanda na mama yake kama gari ni mbaya?" Abdiqani akasema kwa upole, kama anayemsaidia kuona jambo lililo wazi, akaketi nyuma yake.

Wakapanda wale wanane. Wakapanda na wengine, waliokuwa wakingoja magari ya petroli upande wa pili wa stendi, maana habari hapa haichelewi: Injinia amekaa ndani, na mama yake. Musembi aliinuka akawaambia tena, kwa sauti iliyofika mpaka kiti cha mwisho, kwamba hakuipima mitungi hii. Walimsikia. Mzee mmoja akamjibu kwamba wanaelewa, kazi ya serikali ni lazima mtu aseme hivyo, na akamwomba aketi ili wengine wapite. Viti vikajaa, njia ya katikati ikajaa. Wambua akafunga mlango.

Yule mwanamke aliyeuliza kuhusu uongo alikuwa amekosa kiti. Alikuwa amesimama kando ya Musembi, mkono mmoja umeshika chuma cha juu. Basi lilipoanza kutoka stendini alimfungua mtoto mgongoni, akamweka mapajani mwa Musembi bila kumwomba.

"Nishikie huyu, Injinia," akasema. "Kwako najua atafika."